Ufadhili kwa biashara changa za ubunifu: ratiba ya malipo ipangwe upya

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie masharti ya ufadhili kwa wabunifu wanaoanzisha biashara, hasa ule wa kikanda unaopokea waombaji kutoka nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Kazi yetu ni kupitia maandiko ya waombaji na kusimamia mikataba baada ya walioteuliwa kutangazwa. Masharti ya nani anastahili yana kasoro, lakini nyingi zinarekebishika kwa sentensi moja. Masharti ya fedha ndiyo yanayoiangusha biashara baada ya mwenyewe kushangiliwa, na waombaji wengi huyasoma mwisho, wakati wa kusaini.

Tuanze na umri. Tangazo husema “vijana wa miaka 18 hadi 35” na kuishia hapo. Aliyetimiza miaka 35 mwezi Machi anabaki na miaka 35 hadi Machi inayofuata. Kwa mhakiki mmoja anaingia, kwa mwingine amepitiliza. Ikiandikwa kwamba mwombaji “awe hajatimiza miaka 36 siku ya kufungwa kwa dirisha la maombi”, ubishi unakwisha. Sharti baya zaidi ni lile la “kijana kwa mujibu wa sheria za nchi yake”. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtambua kijana kuwa aliyetimiza miaka 18 na hajafikisha 35. Uganda, sheria ya Baraza la Taifa la Vijana inaishia miaka 30. Tanzania, sera ya vijana ya mwaka 2007 inakwenda 15 hadi 35, sawa na Mkataba wa Vijana wa Afrika. Kwa sharti hilo, washirika wawili wenye miaka 32, mmoja Kampala na mwingine Dodoma, wanaweza kuomba kwa biashara ileile, huyu akapokewa na mwenzake akakataliwa. Mfuko wa kikanda uweke kiwango chake wenyewe na kukitumia kwa wote.

Umri wa biashara nao una mtego. “Isizidi miaka miwili” tangu lini? Tangu kusajili jina BRELA (wakala wa usajili wa biashara Tanzania), tangu kupata TIN, yaani namba ya mlipakodi, au tangu mauzo ya kwanza? Wapo waliosajili jina mapema ili lisichukuliwe, wakakaa miaka mitatu bila kuuza kitu. Wapo pia waliouza vinyago au kupiga picha za harusi kwa miaka sita, wakasajili mwezi mmoja kabla ya kuomba. Wa kwanza ndiye mwanzilishi hasa, lakini karatasi zinamwengua yeye na kumbeba wa pili. Tunapendekeza ihesabiwe tarehe ya usajili, kwa kuwa ina ushahidi, kisha aliyesajili bila kufanya biashara aruhusiwe kuonyesha ritani za kodi zisizo na mauzo kwa kipindi hicho. Na yule aliyeuza muda mrefu bila usajili asifungiwe mlango kabisa. Apelekwe kwenye kundi la kukuza biashara, ambako mahitaji yake yapo.

Kuhusu uraia, Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na ndani yake mna haki ya raia wa nchi mwanachama kuanzisha shughuli za kiuchumi katika nchi nyingine. Hata hivyo fomu bado zinataka uraia, makazi na usajili wa biashara vyote viwe vya nchi moja. Mshona viatu wa Namanga, mji wa mpakani mwa Tanzania na Kenya, aliyesajili upande wa pili wa mpaka anakwama kwenye kisanduku cha pili cha fomu. Inatosha kudai nchi ya usajili iwe mojawapo ya nchi za mfuko, na mwombaji kiongozi awe raia au mkazi wa mojawapo. Timu za nchi mbili zimtaje mtu mmoja wa kusaini na akaunti moja ya kupokea fedha, vinginevyo wakigombana hakuna wa kuwajibika.

Sasa fedha. Kosa la kwanza ni kuweka posho ya kujikimu na mtaji kwenye kapu moja. Tuchukue mfano wa ruzuku ya shilingi milioni 20 za Tanzania kwa miezi 12. Mwanzilishi akijilipa 600,000 kwa mwezi, zinakwenda milioni 7.2, yaani asilimia 36, kabla hajanunua hata jora la kitambaa. Mfuko ukimkataza kujilipa, atatafuta kibarua cha kumlisha, na saa alizoahidi kwa biashara hazitaonekana. Posho iwe na fungu lake, ilipwe kila mwezi kwa kiwango kilichotajwa, na isidaiwe risiti za chakula na nauli. Uthibitisho wake ni mahudhurio na kazi iliyofanyika. Mtaji ndio udaiwe vielelezo.

Kosa la pili ni mchango wa mwombaji. Tangazo likisema “mwombaji achangie asilimia 25”, asilimia 25 ya nini? Ya ruzuku ya milioni 20 ni milioni 5. Lakini ikiwa ni ya bajeti nzima, ruzuku inakuwa asilimia 75 yake, bajeti inafika takriban milioni 26.67, na mchango unapanda hadi milioni 6.67. Tofauti ya milioni 1.67 inatosha kumtoa mtu kwenye programu akiwa ameshateuliwa. Tangazo litaje kiasi kwa tarakimu na kuweka mfano mmoja uliokokotolewa.

Mchango wa mali na nguvukazi nao hukataliwa wakati wa ukaguzi kwa sababu haukupigiwa hesabu sawasawa. Mwombaji ana kamera aliyoinunua milioni 3 miaka mitatu iliyopita, naye anaiandika kama mchango wa milioni 3. Mkaguzi haikubali. Ikiwa maisha ya kamera hiyo yanakadiriwa kuwa miaka 5, uchakavu ni 600,000 kwa mwaka. Mradi ukiwa wa miezi 12 na kamera ikitumika humo nusu ya muda, kinachohesabika ni 300,000. Nguvukazi ni vivyo hivyo: inahitaji daftari la saa, kiwango cha malipo kinachoendana na soko, na saini ya mtu mwingine asiyekuwa mwenye biashara. Daftari likijazwa mwisho wa mwaka kwa mkupuo, kalamu moja na mwandiko mmoja, linaonekana, na mkaguzi hulifuta lote. Hesabu hizi zikiwekwa kwenye mwongozo tangu mwanzo, waombaji wengi wataona kwamba wanahitaji fedha taslimu zaidi ya walivyodhani, na watajipanga au wataacha mapema.

Tunalolilalamikia zaidi ni awamu za malipo. Mpangilio unaopendwa ni asilimia 40, 40, kisha 20. Kwa milioni 20, awamu ya kwanza ni milioni 8. Chukua karakana ya ushonaji ambayo mashine zake kuu ni milioni 11. Awamu ya kwanza haizitoshi, na awamu ya pili haitoki mpaka ithibitishwe kwamba mashine zimenunuliwa. Hapo mnufaika ama anakopa kwa riba, ama ananunua mashine dhaifu ili apate risiti ya kuonyesha. Ya pili hutokea sana, halafu ripoti ya mwisho inasema biashara ilishindwa kwa “uzalishaji duni”. Awamu ya kwanza ifuate mpango wa manunuzi wa biashara husika: kinachohitajika ili kazi ya kwanza itoke mlangoni kilipwe mwanzoni, hata ikifika asilimia 60. Mfuko unaoogopa kuibiwa umlipe muuzaji moja kwa moja kwa ankara ya profoma, yaani ankara ya bei inayotolewa kabla ya mauzo, na mashine ibaki kwenye rejista ya mfuko hadi mkataba uishe.

Ile asilimia 20 ya mwisho inayolipwa kama marejesho, yaani mtu atumie kwanza zake ndipo arudishiwe, ni milioni 4 ambazo mwanzilishi hana. Angekuwa nazo asingeomba. Ikibidi kubakiza kitu kwa ajili ya ripoti, kiwe asilimia 5, na ripoti ipate jibu ndani ya siku 30.

Risiti zina matatizo yake. Mfuko unadai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, kwa kila senti, lakini mchonga fremu, mpaka rangi na bodaboda aliyebeba mzigo hawana mashine hiyo. Iwekwe fomu ya malipo madogo yenye jina, namba ya kitambulisho, saini na ukomo wa kiasi kwa kila malipo, na jumla yake isizidi sehemu fulani ya bajeti. Wanufaika wa Kenya waelezwe mapema kwamba tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Kenya) kwa kawaida haikubaliki wanapokokotoa kodi ya mapato, hata kama mfuko wenyewe umeikubali.

VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, husahaulika. Biashara changa isiyosajiliwa VAT hairudishiwi kodi hiyo, kwa hiyo kwake ni gharama kamili. Kiwango cha kawaida Tanzania Bara na Uganda ni asilimia 18, Kenya ni 16. Kwa asilimia 18, vifaa vya milioni 5 vinakuwa milioni 5.9. Mwongozo ukisema “VAT hailipwi na ruzuku” bila kuwatenga wasiosajiliwa, umewakata laki tisa bila kutaja.

Kodi ya zuio nayo huja kama radi. Biashara ya Tanzania ikimlipa mshauri mkazi huzuia asilimia 5 ya ada, na asiye mkazi, asilimia 15, kisha iwasilishe kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Mshauri wa Nairobi anayetaka milioni 2 mkononi anagharimu takriban 2,353,000. Bajeti iliyoandika milioni 2 ina pengo, na pengo hilo linaangukia kwa mwanzilishi.

Ruzuku ikitangazwa kwa dola, mkataba useme kiwango cha siku gani kinatumika. Shilingi ikiimarika kwa asilimia 5 kati ya kusaini na kulipwa, ruzuku ya dola 8,000 inapungukiwa na thamani ya karibu dola 400 kwa mtu ambaye ankara zake ni za shilingi. Njia ya haki ni mfuko kutenga akiba ya mabadiliko hayo, au kuruhusu bajeti ipangwe upya bila kuomba kibali kwa kila kifungu.

Kuhusu ufadhili mwingine, mkopo usihesabiwe kuwa ruzuku. Kijana aliye kwenye kikundi kilichopata mkopo usio na riba wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ana deni la kurejesha. Asienguliwe kwa madai ya kufadhiliwa mara mbili. Ila asiandike mkopo wote wa kikundi kama mchango wake. Aandike sehemu iliyoingia kwenye biashara inayoombewa, ikiwa na barua ya kikundi.

Hakimiliki ibaki kwa mbunifu. Mfuko upewe ruhusa tu ya kutumia picha na sampuli kujitangaza kwa muda uliotajwa.

Tunaomba waandaaji watoe rasimu ya mkataba siku ileile ya tangazo, na maswali yote ya waombaji yajibiwe hadharani, kwa Kiswahili pia, walau siku 14 kabla ya dirisha kufungwa.

Wasomaji wako,
Washauri wa biashara za ubunifu,
Arusha