Anzia kwenye mabomba

Ndugu yangu,

Hongera kwa umeneja wa hoteli. Ule mpango wa dharura ulionitumia nimeusoma wote, kurasa 40. Una kila kitu isipokuwa fedha, maji na mtu wa kugonga mlango, na hivyo ndivyo vilivyonitoa jasho mwaka 2020.

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza janga la korona tarehe 11 Machi, simu za mapokezi zilikuwa hazipoi, karibu zote za kughairi. Tukapunguza bei. Upuuzi mtupu: bei itamleta nani na ndege haziruki? Mwaka huo watalii wa kimataifa walipungua duniani kwa zaidi ya asilimia 70. Kosa langu kubwa, malipo ya awali ya wageni tulikwishayala, mengine mishahara, mengine magodoro mapya. Waliodai chao tukawapa vocha. Mmoja alikuwa amelipia fungate, na harusi yenyewe imevunjika. Vocha aifanyie nini? Fedha za malipo ya awali zifungulie akaunti ya peke yake, zisiguswe mpaka mgeni amelala. Mhasibu atanuna. Mwache anune.

Haya, maji. Tulifunga miezi mitano. Kabla ya kufungua nilizunguka na fundi chumba kwa chumba, tukifungulia kila bomba. Yalikohoa, yakatema hewa, kisha yakatoa maji ya rangi ya chai. Rangi haikumshughulisha fundi. Alihofia kisichoonekana: maji yakilala kwenye mabomba yakiwa vuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45 hivi, bakteria wa lejionela huzaliana, na mgeni huwavuta kifuani na matone ya bafu. Fikiria, hoteli imenusurika korona halafu imlaze mtu hospitali kwa kuoga! Kwa hiyo mkifunga, kila wiki mtu apite afungulie maji vyumba vyote, na tangi la maji moto lisishuke chini ya nyuzi 60. Ukipunguza watu, fundi awe wa mwisho kabisa.

Kuhusu ugonjwa kuingia ndani, soma kisa cha hoteli ya Metropole, Hong Kong. Februari 2003 daktari mmoja mgonjwa alipanga chumba ghorofa ya tisa, na SARS, ugonjwa mkali wa mapafu, ikaondoka na wageni wengine hadi Vietnam, Singapore na Kanada. Wengi wao hata hawakuzungumza naye.

Nilipowasimulia kisa hicho wafanyakazi wangu, mhudumu mmoja wa vyumba aliuliza, "Mgeni akiwa anakohoa ndani, mimi nikishagonga nisimame wapi?" Sikuwa na jibu. Siku ile ile tukaweka kimeza nje ya kila mlango: trei inawekwa hapo, unagonga, unarudi hadi mlango wa tatu. Mashuka mgeni anayafunga mwenyewe kwenye mfuko.

Mpango wako una ukurasa mzima wa nembo na vipeperushi. Ufute, umweke huyo mhudumu hapo. Ukimaliza nitumie, nitausoma usiku huo huo.

Wako wa siku zote