Mikahawa ya Mombasa, bia nayo huharibika

Mhariri,

Agiza chupa ya mvinyo katika mkahawa wa maana huku Nyali au Bamburi uone shughuli yake. Mhudumu huja na kitambaa mkononi, akuoneshe jina na mwaka, aifungue mbele yako, akumiminie kidogo uonje, kisha aitumbukize kwenye ndoo ya barafu. Agiza bia hapo hapo. Utaulizwa swali moja: baridi au moto?

Nairobi swali hilo lina maana, kwani bia "moto" ya huko imekaa kwenye nyuzijoto 20 hivi. Kwetu, msimu wa kaskazi, stoo ya nyuma ya jikoni hufika 30 na kupita. Katika joto hilo hewa kidogo iliyobaki chupani huishambulia bia upesi, ikawa na ladha ya boksi lililolowa. Mvinyo umelazwa penye kiyoyozi. Kreti za bia zimepangwa uani. Na bia ndiyo dhaifu zaidi. Mvinyo una kileo cha asilimia 12 au 13 cha kuulinda, Tusker ina 4.2 tu, wala haikupikwa ili izeeke.

Jua nalo lina lake. Mwanga ukikutana na uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa katika bia, huzaliwa harufu kama ya kicheche. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo tu. Chupa ya kijani juu ya meza ya ufukweni saa sita mchana yaweza kuharibika kabla mteja hajaimaliza.

Lakini kosa kubwa liko kwenye glasi. Za mvinyo huoshwa kando na kung'arishwa. Ya bia huoshwa beseni moja na sahani za samaki wa kupaka. Utando wa mafuta usioonekana kwa macho watosha kuua povu, na povu ndilo linaloinua harufu ya bia hadi puani. Kupima ni rahisi. Chovya glasi katika maji safi, itoe uiangalie: maji yakiteremka kama shuka moja, ni safi, yakikatika matone matone, ina mafuta. Mezani pia utajua, kwa viputo vilivyoganda ubavuni mwa glasi. Iwe na beseni lake na sifongo yake, isuuzwe mpaka sabuni iishe, ipinduliwe kwenye rafu yenye matundu ikauke yenyewe, maana kitambaa cha jikoni huirudishia mafuta. Na tafadhali, msiigandishe kwenye friza. Barafu ile huyeyukia ndani ya bia, povu likafura, na ulimi ukafa ganzi usionje kitu.

Lager (bia ya rangi ya dhahabu kama Tusker) yafaa nyuzi 4 hadi 7, stauti (bia nyeusi) 8 hadi 12. Friji ikijaa, ndoo yenye barafu na maji nusu kwa nusu hupoza chupa kwa robo saa hivi. Barafu tupu hukawia, kwa kuwa huigusa chupa pembe pembe tu.

Cha ajabu ni kwamba chakula chetu chaihitaji bia zaidi. Mvinyo mwekundu mkavu juu ya pilipili huzidisha moto mdomoni, kwa ukakasi wake na kileo chake. Lager nyepesi husafisha kinywa baada ya tui zito. Hata hivyo menyu hutoa kurasa mbili za mvinyo, zabibu na nchi zikitajwa, na mstari mmoja wa bia wenye bei. (Sisemi mikahawa isiyouza kileo, hiyo ina utaratibu wake, na tunauheshimu.) Andikeni aina ya bia, mililita na asilimia ya kileo. Tarehe ya mwisho iko kwenye chupa: mhudumu aisome kabla ya kung'oa kizibo, na kreti iliyotangulia kuingia itangulie kutoka.

Mpenzi wa bia,
Tudor, Mombasa