Barua kwa mwanangu anayeanza kidato cha kwanza

Tandika, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Jumatatu unaanza kidato cha kwanza, nami nimeona nikuandikie, kwa kuwa tukiketi pamoja mimi ndiye ninayemaliza maneno yote, nawe unabaki ukinitazama.

Ulipokuwa na miaka sita, kabla hujapata njia ya kutueleza usichoweza kutamka, ulilia usiku kucha, na asubuhi nikamwambia daktari kwamba tumbo linakuuma. Ulishika sikio mara tatu. Kila mara nikaushusha mkono wako, nikidhani unachezea hereni. Tulirudi na dawa ya tumbo, na siku ya tatu sikio likatoa usaha. Naomba unisamehe, mama.

Mtaalamu wa tiba ya usemi alipotupa ubao wa picha, ambao unagusa picha ili useme unachotaka, niliogopa kwamba utauzoea uache kujaribu kutamka. Alinieleza, na tafiti zinasema vivyo hivyo, kwamba picha hazizuii usemi, na wapo watoto wanaotamka zaidi wakishapata njia ya kueleweka. Alinifundisha kuonesha picha kwa kidole huku nikizungumza, kisha ninyamaze nihesabu moyoni hadi kumi, kwa sababu mtindio wa ubongo umekawiza misuli yako, si fikra zako. Kunyamaza huko kulinishinda kwa miezi mingi.

Ubao ule ulifuata mpangilio wa Kiingereza: "mimi" huku, "taka" kule, mkono wako ukasafiri mara mbili kwa neno ambalo sisi tunalisema mara moja. Ndipo tukachora wetu, tukaandika "nataka", "sitaki", "naumwa" na "nisubiri" kila moja katika kisanduku chake, tukaufunika kwa plastiki kwenye duka la vifaa vya ofisi Kariakoo. Neno la kwanza uliloligusa lilikuwa "sitaki", nilipokuletea uji, nami nililia kwa furaha bakuli likiwa mkononi.

Mwalimu akikutaka uuweke ubao pembeni, mwoneshe ukurasa nilioubandika nyuma ya ubao: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitaja njia mbadala za kujieleza, kama ubao wako, kuwa ni mawasiliano. Na mwenzako akikumalizia sentensi, hata akiwa na nia njema, gusa "nisubiri".

Nimeacha visanduku vitatu vitupu chini ya ubao. Maneno yake utayachagua wewe; mimi nitayaandika tu.

Mama yako