Msiilaumu chanjo ya taifodi kwa makosa ya Widal

Mhariri,

Tangu kampeni ya Julai 2025, watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 humu nchini Kenya walipochanjwa dhidi ya homa ya matumbo, yaani taifodi, nimekuwa nikisikia lalama moja: "Mwanangu alidungwa sindano na bado amepatikana na taifodi." Mzazi anayesema hivyo hadanganyi, maana karatasi ya maabara anayo mkononi. Tatizo ni hiyo karatasi. Haikustahili kuaminiwa hata kabla ya chanjo kuja.

Mara nyingi kipimo kilichotumika ni Widal, chenye jina la daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896. Nimekifanya kwa miaka mingi. Unadondosha maji ya damu kwenye kigae cheupe, tone moja unalichanganya na dawa ya buluu, jingine na nyekundu, unakitikisa kigae polepole kwa dakika moja hivi, kisha unainama kutazama kama kuna chembechembe zilizogandana. Ukiziona, unaandika kiwango, kama 1:80 au 1:160, na mgonjwa anaondoka na dawa. Kliniki hukipenda kwa sababu ni rahisi, majibu hutoka papo hapo, na mteja haendi nyumbani mikono mitupu. (Nani aliyewahi kulipia kipimo akafurahi kuambiwa hana kitu?)

Sasa, Widal haimtafuti mdudu mwenyewe. Inatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya mdudu, na hizo anaweza kuwa nazo mtu aliyeugua zamani, aliyeambukizwa salmonela (jamii ya bakteria wa taifodi) ya aina nyingine, hata mwenye malaria. Ili majibu yawe na uzito, damu inatakiwa itolewe tena baada ya siku 10 hadi 14, ionekane kama kiwango kimepanda mara 4. Sijui kliniki ya mtaani inayofanya hivyo. Ndiyo maana tuna majirani wenye "taifodi ya kwenye damu" isiyopona miaka nenda miaka rudi, wanaomeza antibiotiki ya sipro kila maungo yanapouma.

Chanjo mpya inaufundisha mwili kulitambua ganda la bakteria, liitwalo Vi. Widal inasoma kingamwili za sehemu nyingine kabisa za bakteria, ziitwazo O na H. Mtoto anaweza kuwa amekingika vizuri na chembechembe kwenye kigae zikaendelea kugandana vilevile. Kule Blantyre, Malawi, chanjo hii ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 28,000, na wagonjwa walihesabiwa kwa kuotesha bakteria kutoka kwenye damu. Baada ya zaidi ya miaka 4, kinga ilikuwa bado karibu asilimia 78. Wangehesabu kwa Widal, tofauti kati ya waliopata chanjo hii na wasioipata ingezama.

Kuotesha damu nako kuna kasoro zake: majibu huchukua siku kadhaa, gharama ni kubwa, na wagonjwa wapatao 4 katika kila 10 hawagunduliki. Lakini bakteria akiota, tunaweza pia kujua ni dawa gani inayomuua. Pakistan walilijua hilo kwa uchungu. Mwaka 2016, huko Hyderabad mkoani Sindh, kulizuka taifodi iliyoshinda hata antibiotiki ya sindano, seftriaksoni, na kidonge kilichobaki cha kutegemewa kikawa azithromisini. Miaka mitatu baadaye ikawa nchi ya kwanza kuingiza chanjo hii katika ratiba ya kawaida ya watoto. Kwa jinsi tunavyogawa sipro, tusidhani sisi tuko mbali nao.

Maji safi na vyoo ni wajibu wa kaunti, na chanjo haijawaondolea wajibu huo. Ninachoiomba Wizara ya Afya ni kuiondoa Widal katika orodha ya vipimo vinavyolipiwa na kuwezesha hospitali ya rufaa ya kila kaunti kuotesha damu. Wazazi nao, homa ikizidi siku tatu, wampeleke mtoto hospitali hata kama amechanjwa, na waombe damu ya kuotesha itolewe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki.

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Mombasa