Mama mdogo, usilale na sigiri ndani

Mama mdogo, shikamoo.

Tangu nirudi Bombo sijatulia. Kila nikizima taa naiona ile sigiri miguuni pa kitanda chako, makaa mekundu, dirisha limezibwa kwa leso kuukuu. Baridi ya Kabale naijua, mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Lakini ulisema moshi ukishaisha hakuna hatari, na hapo naomba unisikilize. Naandika hadharani kwa sababu najua hauko peke yako.

Ukivuta pumzi, kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, hushuka, kifua hupanuka na hewa huingia. Hupita kooni na kusambaa katika vijia vinavyozidi kuwa vyembamba, mpaka kwenye vifuko vidogo mno, mamia ya mamilioni. Kuta zake ni nyembamba hivi kwamba oksijeni hupenya hadi kwenye damu, nayo hewa ukaa, ile chafu tunayoitoa tukipumua, hutoka kwenye damu hapo hapo. Ndani ya damu oksijeni hubebwa na himoglobini, ile inayoipa damu wekundu.

Makaa yanayowaka penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Hupenya mapafuni kama oksijeni, kisha huing'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Utaendelea kupumua kama kawaida huku damu ikifika kwenye moyo na ubongo bila ya kile inachotakiwa kupeleka.

Linalonitisha zaidi ni hili: ukibana pumzi, kinachokulazimisha kuvuta tena ni hewa ukaa iliyojaa kwenye damu, ubongo huihisi upesi. Kaboni monoksaidi hauihisi hivyo. Aliye macho huumwa kichwa, hupata kichefuchefu na kulegea, akadhani ni malaria. Aliyelala huenda asiamke.

Na wewe uliniambia kichwa kinakugonga kila asubuhi, kisha kinaacha ukishafika sokoni. Tafadhali nenda kituo cha afya, na uwaambie waziwazi kwamba unalala na sigiri, maana kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni kwenye damu, hakitofautishi gesi hii na oksijeni, kinaweza kuonyesha kwamba uko sawa.

Nimekutumia mablanketi mawili, yako njiani kwa basi. Kwa sasa ota moto nje jioni, sigiri ibaki huko huko usiku kucha. Hata makaa yaliyofunikwa na majivu usiyaingize.