Mwanangu, hiyo helmeti haina mikanda

Mwanangu,

Nimeitazama picha ya helmeti ya mtumba uliyonunua ya kushukia shimo la mgodi huko Ikolomani, Kakamega. Gamba linang'aa, lakini ndani hamna mikanda ya kushika kichwa. Hapo umenunua sufuria. Gamba kazi yake ni kutawanya pigo la jiwe. Mikanda ndiyo hulimeza, kwa kuvutika kidogo. Bila mikanda, pigo lote huingia utosini na kushuka shingoni. Kati ya utosi na gamba ibaki nafasi ya sentimita 3 hivi, kwa hiyo usifiche humo simu wala usivae kofia ya sufu chini yake.

Jambo hili lilichelewa kujulikana. Wachimbaji wa Cornwall, Uingereza, walivaa kofia za felti zilizogandishwa kwa utomvu, mshumaa umebandikwa mbele kwa bonge la udongo. Kule Marekani zikaja kofia za turubai zenye kipande cha ngozi mbele. Ngozi ile ilishikilia taa tu: ya mafuta kwanza, halafu ya kabaidi, hii hii ya mafundi wa gesi wa jua kali, ambayo maji yakiidondokea hutoa gesi ya kuwasha. Yaani mtu ana moto kipajini na utosi uko wazi! Mwaka wa 1919, Edward Bullard wa San Francisco, aliyekuwa amerudi kutoka vita vya Ulaya, akatengeneza kofia ya turubai iliyofukizwa kwa mvuke, ikatiwa gundi na rangi nyeusi. Mikanda ya ndani ikafuata baadaye. Mwaka wa 1938 akaleta ya alumini, nyepesi lakini mbaya karibu na nyaya za umeme. Plastiki ikaja baada ya hapo.

Plastiki adui yake ni jua, kwa hiyo angalia kwanza umri wa gamba. Ndani ya ukingo utaona duara lenye mshale: mshale unaonyesha mwezi, na tarakimu za katikati ni mwaka ilipotengenezwa. Kisha libane gamba pande mbili kwa viganja, uliachie. Likilia kama kijiti kikavu, au ukiona nyufa nyembamba kama nywele, tupa. Lililowahi kupigwa na jiwe zito pia tupa, hata kama halina alama. Usilisafishe kwa petroli au thina, sabuni na maji vinatosha. Na usitoboe tundu la kufungia tochi, maana ufa huanzia hapo. Tumia mpira wa kuzungushia nje.

Mkanda wa kidevu ufunge kila mara. Ukiinua uso kutazama kamba, helmeti huanguka, na aliye chini yako ndiye inayemgonga.

Mikanda ya helmeti moja mara nyingi haiingii kwenye nyingine. Jumamosi ukifika Kakamega mjini, beba gamba lenyewe dukani ukanunue mikanda, uzipachike ndoano zake zote palepale kaunta mpaka kila moja ilie "ta".