Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Masanduku ya Bundi na Suala la Mbao Zake

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha taarifa ya shughuli za chama chetu cha wakulima kwa mwaka 2024. Shughuli za kawaida mnazifahamu, kwa hiyo sitazirefusha: mifereji ilisafishwa mara mbili, mbegu za mahindi zilinunuliwa kwa pamoja, wenzetu wawili waliofiwa walipelekewa rambirambi, na zamu za kufukuza kweleakwelea kwenye mpunga zilipangwa, ingawa zamu za alfajiri, kama ilivyo ada, zilishikwa na watu walewale.

Linalosubiriwa na wengi humu ndani, najua, ni masanduku kumi ya mbao ya kutagia bundi, na hasa mbao zake. Yamesemwa mengi kisimani na kwenye vilabu vya pombe ambayo hayakusemwa kikaoni, nami nimeona ni haki yenu kupata maelezo kamili kwa maandishi.

Hakuna anayelima Kilosa asiyejua panya shamba anavyofukua mbegu siku chache tu baada ya kupandwa. Jike mmoja huweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja, na sumu tunayonunua kila msimu haijawahi kuwamaliza. Bundi mwenye uso mweupe ulioumbika kama moyo huishi hasa kwa kula panya, lakini hajengi kiota. Hutaga katika mapango ya miti mikubwa na kwenye dari, na miti mikubwa tumeikata wenyewe. Ndiyo maana mkutano wa Februari uliridhia tumtengenezee nyumba. Nasisitiza neno uliridhia, kwa sababu wapo waliohudhuria siku hiyo ambao leo wanasema lilikuwa wazo langu peke yangu. Wazo lilikuwa langu, ni kweli, na sioni sababu ya kulikana, lakini mikono iliyonyooshwa haikuwa yangu yote.

Mgogoro ulianza mwezi Machi, tulipopewa bure vipande vya nguzo kuukuu za umeme ili tuvipasue mbao. Nilivikataa, na tangu siku hiyo nimeitwa mtu aliyekataa neema. Naomba ieleweke kwamba nguzo za mikaratusi na misonobari hulowekwa kreosoti, yaani mafuta ya lami yenye sumu, au hudungwa kwa mgandamizo dawa yenye shaba, kromiamu na arseniki, ili mchwa wasiziguse kwa miaka mingi. Kinda wa bundi hukaa ndani ya sanduku takriban miezi miwili, kifua chake kikiwa juu ya ubao, na fundi anayepasua mbao za namna hiyo huvuta vumbi lake siku nzima. Sikuwa tayari kutia saini jambo hilo kwa sababu tu halikuwa na bei. Milango ya zamani iliyopakwa rangi niliikataa vilevile, kwa kuwa rangi nyingi za miaka ya nyuma zilitiwa madini ya risasi. Nasikitika kusikia kwamba baadhi ya vipande vya nguzo vimeonekana mafigani. Moshi wake si wa kupikia chakula cha watoto, na aliyevichukua anajijua.

Badala yake nilisafiri hadi Dar es Salaam, kwa nauli niliyojilipia, nikanunua paleti 14, yaani majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, zilizokwisha kutumika. Sikuokota tu. Paleti ya biashara ya kimataifa huwa na muhuri wenye picha ya suke la ngano na herufi mbili: HT ina maana kwamba ubao ulipashwa moto hadi kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, na MB ina maana kwamba ulifukizwa kwa gesi ya sumu ya methili bromidi. Nilizipindua moja moja kutafuta HT, hata muuzaji akaniuliza kama napiga ramli.

Mchoro niliuchora mwenyewe, na vipimo vyake vilitokana na mbao zenyewe. Ubao wa paleti hizo una urefu wa sentimita 120 na upana wa karibu 10. Ukigawanywa sehemu mbili unatoa vipande vya 60, ambavyo ni kimo cha kuta. Ukigawanywa sehemu tatu unatoa vipande vya 40, ambavyo ni sakafu. Na mbao nne zikipangwa ubavu kwa ubavu zinatimiza upana wa 40. Hakuna kilichobaki isipokuwa vumbi la msumeno. Tundu la kuingilia lina sentimita 13 kila upande, na liko sentimita 45 juu ya sakafu, ili kinda asitoke kabla mbawa hazijakomaa. Sakafu ilitobolewa matundu manne ya kupitisha maji, paa ni la ubao lililofunikwa bati kuukuu ili jua la mchana lisiwachome, na mlango wa nyuma una bawaba kwa ajili ya usafi. Ndani hapakupigwa randa wala rangi, kwa sababu kucha za kinda zinahitaji ubao wenye mikwaruzo ili aweze kupanda hadi tundu.

Hapa niseme wazi kuhusu fundi. Ndiyo, ni shemeji yangu. Sikulificha hilo, na mafundi wengine wawili walioombwa bei walitaja kubwa zaidi. Nakiri kwamba masanduku mawili ya kwanza aliyatoboa tundu usawa wa sakafu, akisema bundi si mtu wa kuruka ukuta akiingia kwake, na kwamba la tatu alilipiga randa ndani likang'aa kama kabati la vyombo. Yote matatu aliyarudia bila malipo ya ziada, na ningependa hilo nalo lisimuliwe kisimani.

Kuhusu wazee wanaosema bundi huleta msiba, niliwaendea kwa heshima, na tukakubaliana masanduku yasimikwe mbali na nyumba. Yamesimikwa mashambani, juu ya nguzo mbichi za miti yetu wenyewe.

Hadi leo masanduku matatu yana bundi, moja limetekwa na nyuki, moja limeibwa, na matano bado ni matupu. Chini ya yale matatu nimeokota mwenyewe vidonge vya manyoya na mifupa anavyovitema bundi, na vimo kwenye mfuko mezani kwa katibu. Anayetaka kuhesabu mafuvu ya panya na ahesabu.

Fedha ni kama ifuatavyo. Salio la mwaka jana lilikuwa shilingi 115,000 na ada zilizolipwa ni 342,000, jumla 457,000. Paleti ziligharimu 84,000, usafiri wake 70,000, skrubu, misumari na bawaba 58,000, fundi 80,000. Jumla ya masanduku ni 292,000. Chai na shajala ni 47,000. Salio ni 118,000.

Ada hiyo ililipwa na wanachama 23 waliotimiza 12,000 na 11 waliolipa nusu. Waliobaki, ambao ni 30 kati ya 64, hawakutoa hata senti, na kwa masikitiko ni baina yao nilikosikia maswali makali kuliko yote kuhusu matumizi. Mkutano wa Julai ulihudhuriwa na watu 14, wa Septemba na 9, na wa Novemba mimi, katibu, mhazini na mvua.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuongeza masanduku kadiri mfuko utakavyoruhusu, kutafuta namna ya kupunguza sumu ya panya, ambayo huweza kumuua hata bundi aliyemla panya aliyeila, na pengine kupata mtaalamu kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine, ambako panya wanachunguzwa kwa miaka mingi.

Mhazini atakaa mezani hadi saa kumi na daftari la ada likiwa wazi. Msumeno na nyundo ya chama havijarudishwa tangu Agosti. Aliyenavyo avilete ghalani kabla ya Jumamosi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti